Kufuli la Banda la Kuku

"Kufuli la mwoga hulinda mkono wa jasiri." Ndivyo alivyosema mama wa kwenye mzani, nanyi mkacheka na kuuliza methali gani hiyo, mwoga na jasiri wamekutana wapi na kufuli. Haya, gari la kuchukua majani ya chai bado halijafika, na mdomo wangu hauna kazi. Sogeeni. Anayechezea simu aitie mfukoni, maana sirudii. Methali hii ilianza hivi.

Kiwanda kile cha chai mnachoona moshi wake kule juu kilikuwa na fundi mkuu aitwaye Ambakisye. Kwa mashine, jamani, alikuwa fundi kweli. Hata adui yake hakulikana hilo. Angesimama nje ya mlango, akasikiliza feni inavyovuma, akakuambia beringi ipi imekauka grisi. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi pale, na vidole vyake vyote kumi alikuwa navyo. Mtu akimkumbusha kujihadhari, aliinua mikono juu na kusema, "Vihesabu kwanza, halafu uje unifundishe."

Kiwandani kulikuwa na desturi moja. Kila fundi alipewa kufuli lake lenye ufunguo mmoja tu. Kabla hujagusa mashine, unazima swichi yake kubwa ya ukutani, unaifunga kwa kufuli lako, na ufunguo unautia mfukoni. Mkiwa watano kwenye kazi moja, makufuli matano yananing'inia pale, na mashine haiwaki mpaka wa mwisho afungue lake. Desturi hiyo Ambakisye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake. Lakini kufuli lake halikuwapo kiwandani. Wezi wa kuku walikuwa wamemsumbua, naye akaona kufuli madhubuti kama lile linakaa bure, akalipeleka nyumbani kufungia banda.

Mwaka huo akaja fundi mpya, Atuganile, mwanamke wa makamo mwenye watoto watatu, aliyetoka kiwanda kingine. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kufuli lake alilifunga kipande cha kitenge ili lisichanganywe na ya wenzake, na hakugusa hata skrubu kabla ya kulitundika. Ambakisye akamwita Bibi Kufuli. Haikupita wiki mbili, akaenda kwa Meneja kusema mama yule ni mwoga, anachelewesha kazi, afadhali ahamishiwe chumba cha kufungasha chai. Hebu fikirini, mtu amesotea ufundi miaka yote hiyo, halafu aende akabandike karatasi kwenye maboksi!

Basi mchana mmoja, msimu wa majani mengi, feni ya kikaushio, ile inayopuliza hewa ya moto ya kukausha chai, ikaanza kupiga kelele. Feni ile ilizungushwa na mota kwa mikanda minne, na mikanda yenyewe ilikuwa imechakaa, inateleza na kulia kama nguruwe aliyebanwa mlangoni. Isipovuma feni ile, chai yote inaharibika, na ilikuwa chai ya wakulima wa tarafa nzima. Mafundi wakiwa wamesimama wanaitazama, umeme ukakatika. Kiwanda chote kikawa kimya.

"Mungu si Athumani!" akasema Ambakisye. "Tubadilishe mikanda sasa hivi, kabla haujarudi." Akafungua kinga ya bati iliyofunika mikanda, akaiweka chini. Atuganile akaelekea ukutani.

"Unakwenda wapi?"

"Kufunga swichi, baba."

"Kufunga nini? Umeme wenyewe umekwenda zake! Jamani, mmewahi kuona mtu anafunga nyumba ambayo mwizi keshahama mji?"

Watu wakacheka. Atuganile akazima swichi, akatundika kufuli, kitenge kikaning'inia.

"Umeme haupigi hodi, baba," akasema.

"Haya, mwoga wetu amefunga, sasa wanaume wafanye kazi," akasema Ambakisye, na watu wakacheka tena.

Wakalegeza mota ili mikanda itoke bila kulazimishwa. Mitatu ikatoka vizuri. Wa nne, ule wa ndani kabisa, ulikuwa umeng'ang'ania. Ambakisye akapenyeza mkono wa kulia hadi kiwiko, vidole vikaingia kati ya mkanda na gurudumu lake. Hapo hapo taa zikawaka.

Sasa mashine zile za zamani, ukiacha swichi zimewashwa, umeme ukirudi zinaondoka zenyewe. Ziliondoka zote. Mashine za kusaga majani zikanguruma, feni nyingine zikavuma, sakafu ikatetemeka. Feni ya Ambakisye peke yake haikujitikisa. Alitazama mkono wake ulivyokaa pale kwenye mkanda, akataka kuutoa, nguvu hana. Ilibidi auvute kwa mkono wa kushoto.

Meneja akaja mbio. Akaona kinga iko chini, akaona kufuli kwenye swichi, akashika kichwa. "Ala! Bila kufuli hili tungekuwa tunazungumza mengine. Fundi, ni lako?"

Ambakisye akafungua mdomo. Mafundi wote walikuwa wanamtazama, na Atuganile alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, ufunguo mkononi.

"Ndiyo, Meneja," akasema.

"Huo ndio ufundi! Na yule mama uliyesema ni mwoga, kesho namhamisha kama ulivyoomba."

Atuganile akamtazama Ambakisye, akangoja kidogo, kisha akainama kuokota mikanda mipya. Ambakisye alisikia uso unamwaka moto. Mkono wake ulikuwa mzima, lakini alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni nyumbani alinawa, akakaa mbele ya chakula, akashindwa kukigusa. Kila akiunyoosha mkono ule, anauona kwenye mkanda. Akatoka akafunge kuku. Na pale kwenye banda, likamtazama kufuli lake, limejaa mavi ya kuku. Akachuchumaa mbele yake, asinyanyuke.

Mkewe, Sekela, akatoka kumtazama. "Baba Tumpe, kulikoni? Kuku wamepungua?"

"Kuku wako kamili, mama," akasema. "Niliyepungua ni mimi." Akalia, mtu mzima yule.

Asubuhi, wafanyakazi walipokusanyika getini kugawiwa kazi, Atuganile alikuwa amekwisha kusimama upande wa wafungashaji. Ambakisye akapita mbele, ameshika kufuli.

"Meneja, jana nilikudanganya mbele ya watu, na leo nasema mbele ya watu. Kufuli lile si langu. Langu ni hili. Lilikuwa linalinda kuku."

Wachache wakacheka, kisha wakanyamaza wenyewe.

"Lile ni la Mama Atuganile, niliyemwita mwoga, nikaomba ahamishwe. Kufuli la mwoga limelinda mkono wa jasiri. Na jasiri mwenyewe ameshindwa hata kusema asante. Kama kuna wa kwenda kubandika maboksi, nipelekeni mimi."

Meneja akalitazama kufuli lile lenye uchafu wa kuku. Mwisho akasema, "Mama, rudi karakana. Na wewe Fundi, nenda naye. Kuanzia leo yeye ndiye atakayekagua makufuli, na la kwako la kwanza."

Mikanda mipya hulegea kidogo baada ya kazi ya siku ya kwanza, lazima ikazwe. Kwa hiyo wakarudi kwenye feni ile ile. Ambakisye akazima swichi, akatundika kufuli lake. Ufunguo ukagoma mara mbili kwa uchafu. Atuganile akatundika la kwake pembeni. Ambakisye akapiga magoti, akaanza kufungua kinga.

"Bado inazunguka, baba," akasema Atuganile.

Kweli, feni ilikuwa inamalizia mwendo wake taratibu, huku umeme umekwisha kuzimwa. Ambakisye akarudisha mkono. Wakangoja pamoja mpaka ikasimama kabisa.

"Asante, mama," akasema, bila kuinua uso. "Na ya jana pia."

Maneno yake ya pale getini watu waliyachukua, yakatoka kiwandani yakashuka mpaka mashambani, na leo mmeyasikia kwenye mzani mkayacheka. Hata Ambakisye alianza kwa kucheka. Basi mkimwona mwenzenu anajihadhari kupita kiasi, msimpachike jina, maana hamjui anamlinda nani: kufuli la mwoga hulinda mkono wa jasiri.