Gari Lililolala Tambarare

Hapo zamani, tena si zamani ya masultani na majini, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na mwanamke wa milima ya Umatengo aliyeitwa Eufrasia. Mumewe, Otmari, alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli, na gari hilo lilisikika kabla ya kuonekana. Likiunguruma kilima cha pili, Eufrasia alibandika sufuria. Likifika kona ya kanisa, alisonga ugali. Likizima, alipakua. Miaka ishirini na miwili hakuhitaji saa.

Kisha Otmari akaugua. Siku aliyokata roho aliwaambia waliokuwapo, "Gari msiliuze. Atakayeliamsha, ni lake." Kwa watu wale, neno la anayekufa halipunguzwi wala haliongezwi. Wakalishika.

Matanga yalipokwisha wakapiga ufunguo. Stata ikazunguka, ikazunguka, injini ikakataa kushika. Wakaja mafundi wawili kwa nyakati zao, kila mmoja akatikisa kichwa: "Pampu ya dizeli imekufa." Ikawa kimya miaka mitatu. Na miaka hiyo yote, kila jioni, Eufrasia alisimama na mwiko mkononi akisikiliza kilima cha pili. Alijua hakuna kitu. Alisikiliza tu. Alimtamani mumewe mpaka masikio yakamuuma.

Sasa wajueni watu wawili wengine.

Wa kwanza ni Benno, mdogo wake Otmari. Ndugu hawa waligombania mpaka wa shamba la kahawa, wakanuniana miaka minne, kifo kikawakuta hawajasemezana. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo alihamia kwa Benno na mkeka wake. Walipotoka tu kuzika aliita watu sita, wakalisukuma gari kutoka mteremkoni lilikokuwa hadi uwanjani mbele ya mlango, mahali pa tambarare, pa heshima. Akalijengea banda la bati. Kila Jumamosi alichaji betri, akamwaga maji yaliyotuama kwenye chujio la dizeli, akafuta vumbi. Wanunuzi wa chuma chakavu walipokuja na mizani yao aliwatimua. "Mkitaka chuma, kapimeni kengele ya kanisa!"

Wa pili ni Akwilina, fundi. Usichanani mwake alikuwa utingo wa Otmari, na watu walimcheka: mwanamke na spana wapi na wapi? Otmari akamwambia, "Waache wacheke, wewe sikiliza injini." Akasikiliza, akaenda mjini, akawa fundi wa kutegemewa. Aliposikia gari la mwalimu wake bado limelala, akarudi na boksi la spana.

Akwilina hakuirukia pampu. Alianza na vilivyo rahisi. Betri, nzima. Stata, ina nguvu. Plagi za joto, zinapasha. Akazungusha ufunguo kidogo, akasikia koili ya pampu ikisema tik. Basi mlango wa dizeli unafunguka. Akalegeza nati ya bomba linaloingia kwenye nozeli inayonyunyizia injini dizeli, akamwambia Benno apige stata. Yakatoka mapovu.

"Pampu haijafa," akasema. "Inakula upepo."

Akatoa upepo kwa pampu ya mkono iliyo juu ya chujio, akikandamiza mpaka dizeli ikatoka bila povu. Akapiga ufunguo, gari likaamka! Eufrasia alitoka jikoni mbio, unga mikononi. Lakini kesho yake asubuhi, kimya. Akatoa upepo tena, likaamka. Kesho yake, kimya. Wakasema, kuamka kwa siku moja hakuhesabiki.

Siku ya tatu Akwilina akaketi juu ya boksi lake. "Nimekaza kila nati, mama. Kuna mahali panavuta upepo, nami sipaoni. Usiku dizeli yote inarudi tangini. Labda wenzangu walisema kweli, niifungue pampu."

"Inarudije?" Eufrasia akauliza.

"Tangi liko nyuma, tena chini kuliko pampu. Upepo ukiingia tu, dizeli inateremka."

Eufrasia akakaa chini papo hapo, akacheka na machozi yakimtoka. "Ee Otmari! Miaka yote alililaza mteremkoni, pua chini, mkia juu. Nikamgombeza: wenzako wanaegesha mlangoni, wewe unaliweka kule kama mtu anayetaka kutoroka! Akanijibu, 'Mke wangu, hili likilala tambarare haliamki.' Nilidhani ananitania."

Benno akalitazama banda lake, akainamisha kichwa. Ni yeye aliyelilaza tambarare.

Akwilina akaingia chini ya gari. Sasa alijua kosa liko kati ya tangi na pampu: mteremkoni dizeli hujipeleka yenyewe, tambarare lazima ivutwe, na ikivutwa huja na upepo. Chini ya kibanio kimoja akakuta mpira wa dizeli una ufa mwembamba. Akaweka mpira mwingine, akatoa upepo, wakaliacha lilale palepale.

Asubuhi akampa Eufrasia ufunguo. "Piga, mama."

Akapiga mara moja. Likaamka. Bati la banda likatetemeka, kuku wakatawanyika, na Eufrasia akaushika usukani akalia kwa sauti, maana mngurumo ulikuwa uleule na mwenyewe hayupo.

Hapo maneno yakaanza.

Akwilina akasema, "Ni langu. Mimi niliusikia upepo, mimi niliuona ufa. Nyinyi mna picha zake, mna kaburi lake. Mimi alinipa sauti hii tu, nami nitaondoka nayo."

Benno akasema, "Ni langu. Bila mimi ungetengeneza nini? Lingekuwa sufuria huko mjini."

"Na ni wewe uliyelinyamazisha, baba mdogo."

"Kweli. Nililinyamazisha kwa mapenzi. Sikusema naye miaka minne, Akwilina. Niacheni niketi alipoketi."

Eufrasia akasema, "Ni langu. Siri ilitoka kinywani mwangu, na mkono uliopiga ufunguo ni huu."

"Lakini hujui kuendesha, shemeji," Benno akasema polepole.

"Sijui. Wala sina haja ya kwenda popote. Nataka lirudi jioni."

Lakini litarudi kutoka wapi? Likiwa lake, litasimama mlangoni wala halitarudi, kwa kuwa halitakuwa limeondoka. Likiwa la Benno, litalala kwake, ng'ambo ya bonde. Likiwa la Akwilina, litaunguruma mjini, kwa masikio yasiyomjua Otmari.

Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mkono katika kuliamsha, wakakubaliana jambo moja tu: atakayelizima ni mwenye gari. Basi mpaka sasa hakuna aliyethubutu kuwanyang'anya wenzake. Eufrasia yuko kwenye usukani, Akwilina ameweka kiganja juu ya boneti, Benno ameshika mlango, na tangi limebakiwa na dizeli ya kufika adhuhuri. Likiachwa likauke, litakula upepo, na neno la marehemu litaanza upya.

Haya, nyinyi mliokaa mkasikiliza, semeni kabla halijajizimia lenyewe: kati ya aliyelilinda, aliyelitibu na aliyelikumbuka, je, nani anastahili kunyoosha mkono alizime?