Mashine ya Fisi na Ukuta wa Askari

Mwaka ule mvua iliwasahau wanyama, maji yakabaki katika kisima kimoja tu. Simba, aliyependa kusikia sauti yake mwenyewe, akatangaza: "Atakayewashinda wenzake kwenye sataranji ndiye atakayeshika kisima. Nikisema nimesema!"

Fisi akaja na mashine kwapani. "Hii itanichezea. Mzee, hukukataza."

Simba akakunja uso, lakini alikwisha kusema.

Mashine ikamshinda Nyani, kisha Swala. Kila ilipokula kete ililia "tiii!", na Fisi akajilamba. "Kuanzia kesho, anayetaka maji aje na nyama!"

Sungura akawakumbuka wanawe, midomo imewakauka. Alikuwa amekaa pembeni akitazama tangu asubuhi. "Imefanana na mwenyewe," akawaza. "Inapenda kula. Nisipoipa cha kula je?"

Zamu yake ilipofika, akawasogeza askari, zile kete ndogo za mbele, mpaka wakagotana uso kwa uso na askari wa mashine. Hakuna wa kupita, hakuna wa kuliwa. Uwanja ukafungwa kama boma la miiba.

Mashine ikahesabu, isione chakula. Ikampeleka farasi mbele. Zamu iliyofuata ikamrudisha. Mbele, nyuma.

"Mjomba, farasi wako amedondosha kitu?" Sungura akamuuliza Fisi.

Wanyama wakaangua kicheko.

"Chekeni! Mashine yangu inaona hatua kumi mbele, na inasema niko salama."

"Kumi ni nyingi, mjomba," Sungura akajibu kwa upole. Safari yake ilikuwa ya hatua thelathini. Akamficha mfalme wake, akapanga kete zake mbili za ngome ukingoni, moja nyuma ya nyingine. Mashine ikaandika: Salama. Farasi mbele, farasi nyuma. Salama.

Ndipo Sungura akamsukuma askari mmoja wa ukingoni. Ukuta ukapasuka, ngome zote mbili zikapenya hadi kwa mfalme wa mashine. Mashine ikapiga kelele, lakini kete zake zilikuwa zimebanana upande wa pili, nyuma ya askari wake yenyewe.

"Mfalme wako hana pa kwenda, mjomba."

"Turudie! Mashine ilichoka!"

"Nikisema nimesema!" Simba akanguruma, safari hii kwa furaha.

Sungura akafungua kisima kwa wote, bure. "Umeiwezaje, dada?" Swala akamuuliza, ndoo mkononi.

"Inaona hatua kumi, ila haijui inakwenda wapi."

Fisi alikuwa wa mwisho kwenye foleni, mashine kwapani, akipiga hatua moja mbele, moja nyuma.