Gari Jeusi, Macho Mapya

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mbali, maana magari yalikuwepo na vumbi la Same lilikuwepo hata kabla ya magari, aliishi mzee mmoja aitwaye Elihaki. Mzee Elihaki alikuwa na mke, alikuwa na gari, na alikuwa na macho mabovu. Mke aliitwa Namkunda. Gari lilikuwa jeusi, la milango minne, na kwa kuwa lilitoka nyumbani siku ya Jumapili tu kwenda kanisani, watu wa mtaa waliliita Askofu. Macho yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, mwaka wa tisa huo, lakini mwenyewe alisema ni ukungu wa milimani umeshuka.

Kila asubuhi Mzee Elihaki alitoka na leso kavu mkononi, akalifuta Askofu vumbi. Alifuta boneti, akafuta milango, akafuta buti, akamalizia na paa, maana alikuwa mrefu. Kisha alirudi nyuma hatua mbili, akayakaza macho yake yale yale, akasema, "Kioo." Akisema ni kioo, basi ni kioo. Nani angebishana na mwenye gari?

Namkunda naye alikuwa na jambo moja moyoni. Alitaka ufunguo.

Hapo sikilizeni vizuri. Kabla hajaolewa, Namkunda aliendesha trekta kwenye shamba la mkonge, akavuta matela mawili yaliyojaa, na wanaume wakampisha njia. Kisha akaolewa. Askofu aliponunuliwa, yeye akapewa kiti cha nyuma. Kiti cha mbele kilikuwa cha kofia. Ndiyo, kofia ya mzee! Miaka kumi na tisa kofia ilikaa mbele ikitazama barabara, na mke akakaa nyuma akitazama kisogo. Siku moja aliomba aendeshe, hata mpaka kwenye kona tu. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Mama Eliapenda," alisema, "hili si trekta."

Hakuomba tena. Lakini iliuma, jamani, na iliuma kila Jumapili.

Basi Jumapili moja, baada ya ibada, Mzee Elihaki aliukaribia mti mmoja uani mwa kanisa, akavua kofia, akausalimia, "Bwana Yesu asifiwe, mzee mwenzangu." Mti haukuitikia. Watoto wake wawili wakasema sasa imetosha, baba aende hospitali Moshi akatolewe huo ukungu wake.

Kabla ya kuondoka aliwaita wote watatu mbele ya gari. Alikuwepo Namkunda. Alikuwepo Eliapenda, mwanawe wa kiume, fundi wa kupaka magari rangi. Alikuwepo Ndekia, binti yake, mwenye duka la vipuri na mapambo ya magari pale stendi.

"Nitakaa kwa dada yangu wiki sita," alisema mzee. "Nikirudi siendeshi tena. Macho mapya si ya kuchezea. Ufunguo nitampa yule aliyelitunza gari. Naliacha kioo, nilikute kioo."

Eliapenda aliutazama ufunguo. Ndekia aliutazama ufunguo. Namkunda alitazama chini, kwa sababu macho yangemsema.

Tangu kesho yake Namkunda aliamka kabla ya kuku. Maji ya bomba yalikuja mara moja kwa wiki, nayo yalikuwa ya watu na mifugo, si ya magari. Kwa hiyo alilifuta Askofu kama alivyoona likifutwa siku zote, kwa nguo kavu, kwa pindo la kanga yake. Alifuta boneti, akafuta milango, akafuta buti. Mkono ulipofika, alifuta. Usipofika, alimwachia Mungu. Alifuta leo, akafuta kesho, akafuta kesho kutwa, na kila alipofuta aliuona ufunguo ukisogea.

Wiki ya mwisho, saa sita ya mchana, alitoka kuanua nguo, jua likiwa limesimama juu ya gari. Akaona. Boneti ilijaa vijiduara vyembamba, maelfu kwa maelfu, kama utando wa buibui. Alifuta, vikabaki. Alipuliza, vikabaki. Alikagua milango, navyo vipo. Ndipo alipolitazama pindo la kanga yake, akaligusa kwa kidole, akasikia mchanga. Kumbe wiki tano zote alikuwa akilipiga gari msasa kwa upendo! Namkunda aliketi kizingitini akalia, na hakulilia rangi.

Alipomaliza kulia alimwita Eliapenda. Fundi aliinama, akalitazama gari kwa ubavu, akaguna.

"Mama, hii ni mikwaruzo ya kufuta pakavu. Usijali. Ninayo nta ya kusugua. Nta nyingine zinaficha, hii inaondoa."

"Inaondoa nini?"

"Mikwaruzo."

"Mkwaruzo si kishimo, mwanangu? Kishimo kinaondolewaje?"

"Unaishusha rangi ya pembeni mpaka ilingane na kishimo."

Namkunda alifikiri. Yaani mguu umechubuka mahali, dawa yake ni kuuchuna mguu mzima. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja na mzee ndani yake.

"Sugua," alisema, "ila polepole."

Eliapenda alisugua boneti, akasugua buti, akasugua milango, na kweli mikwaruzo ikaondoka. Mwanamume alifurahi, na akifurahi huwa hajui kuacha. Aliusugua mlango wa dereva mpaka ukingoni, na pale ukingoni rangi ikamwishia. Likatokea doa jeupe, sawa na ukucha wa kidole gumba.

"Ni dogo," alisema Eliapenda.

"Kaburi la sisimizi nalo ni dogo," alisema Namkunda, "lakini sisimizi yumo." Akamwita Ndekia.

Ndekia alikuja na makopo mawili kutoka dukani, akayapanga juu ya ngazi kama anayemhudumia mteja.

"Mama, chagua. Hii nyeupe ni nta ya kujaza. Mikwaruzo yoyote aliyoiacha kaka itajaa, mwanga utateleza, hutaiona. Lakini doa lake litabaki palepale. Hii nyeusi inajaza na ina rangi ndani, itaficha mikwaruzo na itaficha doa."

"Inadumu muda gani?"

"Mpaka baba alione gari."

"Halafu?"

"Halafu ufunguo utakuwa umeshatoka mkononi mwake. Ila lisioshwe, mama, wala lisiguswe kwa kitambaa cheupe."

Namkunda aliyashika makopo yote mawili, akapima uzito wa moja na wa lingine, na kwa hakika hakuna mtu aliyewahi kuchagua nta kwa moyo mzito namna ile. Kisha akasema, "Nyeusi."

Ndekia alipaka boneti, akapaka buti, akapaka milango. Alipolikaribia paa, mama yake alimzuia.

"Liache paa. Paa sikuligusa mimi, sina deni nalo."

Huo ndio ulikuwa uaminifu wake siku hiyo. Msiucheke sana, ndio aliokuwa nao.

Ijumaa mzee akafika. Alishuka amevaa miwani myeusi, akaivua polepole. Kitu cha kwanza alichokitazama kilikuwa mkewe. Akamtazama mno.

"Mama Eliapenda," alisema, "umezeeka!"

"Karibu nyumbani, Baba Eliapenda," alijibu Namkunda. "Kioo chako kipo ndani, utajiona na wewe."

Mzee alicheka, akaenda kwa Askofu. Askofu aling'aa. Aling'aa kuliko siku aliponunuliwa. Mzee alizunguka mara moja, akazunguka mara ya pili, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kioo," alisema, na machozi yakamlengalenga katika yale macho mapya. Akatia mkono mfukoni kutoa ufunguo. Lakini mazoea ya miaka kumi na tisa yana nguvu. Ulitoka ufunguo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ikatoka leso, nyeupe kabisa, zawadi ya dada yake wa Moshi. Kabla mtu hajasema neno, alikuwa ameshaufuta mlango wa dereva.

Leso ikawa nyeusi. Mlangoni likachungulia doa jeupe.

"Hii nini?" aliuliza mzee. "Gari langu linavuja wino?"

Namkunda akasogea mbele, maana alijua akikaa kimya atakaa kiti cha nyuma mpaka afe.

"Mimi ndiye niliyelikwaruza," alisema. "Nililifuta kila siku kwa kanga kavu, kama ulivyolifuta wewe kwa leso. Watoto hawakuwepo, mvua haikuwepo, wewe hukuwepo. Nilikuwepo mimi. Kama kulitunza ni kuamka, basi niliamka mimi. Na nta ya kukuficha niliichagua mimi."

"Baba," alisema Eliapenda, "mama aliamka, lakini aliamka kuharibu. Mimi ndiye niliyeondoa. Sikuficha kitu. Doa hilo jeupe ni la kazi ya kweli, na rangi naweza kulipaka. Kama kulitunza ni kuponya, basi niliponya mimi."

"Baba," alisema Ndekia, "kaka aliponya mpaka akatoboa. Mimi sikupunguza hata tone la rangi, niliongeza. Na wewe mwenyewe umesema nini hapa sasa hivi? Umesema kioo, ukataka kulia. Kama kulitunza ni ulikute kioo, basi umekikuta kwa sababu yangu."

Mzee Elihaki aliwaka.

"Mwenye kukwaruza, mwenye kutoboa na mwenye kupaka wino!" alifoka. "Mimi nimelifuta gari hili miaka kumi na tisa! Miaka kumi na tisa, asubuhi kwa asubuhi, bila mkwaruzo hata mmoja!"

Akasema hivyo na kuupiga mkono juu ya paa, kama mchungaji anavyopiga mimbari. Jua lilikuwa limesimama juu. Vumbi la wiki sita likaruka, akalipuliza lililobaki, akatazama mkono wake ulipotua. Akainama. Akayasogeza macho mapya karibu kabisa.

Paa lilijaa vijiduara. Vilikuwa vile vile kama vya boneti kabla haijasuguliwa. Vilikuwa vimekaa kitambo, vimezeeka, duara juu ya duara, kutoka kioo cha mbele mpaka kioo cha nyuma.

"Nani amefuta paa?" aliuliza, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Mama alinikataza nisilipake," alisema Ndekia.

"Mimi sikulisugua," alisema Eliapenda.

Namkunda aliunyanyua mkono wake mfupi, akauegemeza juu ya mlango. Vidole viliishia ukingoni mwa paa.

"Mkono wangu haufiki, Baba Eliapenda. Tangu uondoke hakuna aliyeligusa paa."

Mzee aliitazama leso. Akalitazama paa. Akatazama boneti, ambayo sasa hakuna ajuaye ni mikwaruzo mingapi ilikuwa ya kanga na mingapi ilikuwa ya leso, maana yote imesuguliwa na kilichobaki kimejazwa. Akauweka ufunguo juu ya boneti, taratibu.

"Hata mimi nililipenda," alisema.

"Hatukatai, baba," alisema Eliapenda, "lakini ufunguo..."

"Wewe na doa lako," alisema Ndekia.

"Wewe na wino wako!"

Wakavutana pale, huyu akitaja kuponya, huyu akitaja kioo, baba yao katikati akigeuzageuza leso yake. Mara wakasikia injini. Wakageuka. Ufunguo haukuwa kwenye boneti. Namkunda alikuwa ameketi nyuma ya usukani, kanga ameifunga kiunoni, mguu mmoja kwenye klachi, na alikuwa ameshatia gia bila kuikwaruza.

Hakuondoka. Alingoja. Na mzee aliona kwamba anangojwa.

Mzee Elihaki alizunguka, akafungua mlango wa mbele upande wa abiria. Kofia yake ilikuwa pale pale alipoiacha, inatazama barabara. Akanyoosha mkono aiondoe.

"Hapo ni pa kofia, Baba Eliapenda," alisema Namkunda kwa upole kabisa.

Mzee aliurudisha mkono. Kisha akaufunga mlango ule, akafungua wa nyuma, akaingia.

Askofu akateremka mtaani akiwa na dereva, kofia na mzee, na watu wakatoka majumbani kutazama. Eliapenda na Ndekia wakabaki kwenye vumbi.

Mimi hadithi yangu inakomea hapo barabarani. Msiniambie kwamba ufunguo umeshapata mtu. Ufunguo umo kwenye swichi, hilo naliona kama nyinyi. Lakini kuushika ni jambo moja na kuustahili ni lingine. Yupo aliyeamka kila siku na kukwaruza, kisha akaficha, kisha akasema kweli. Yupo aliyeondoa mikwaruzo na rangi pamoja nayo. Yupo aliyeficha vizuri hata mwenye gari akalia kwa furaha. Na yupo yule wa kiti cha nyuma, aliyeanza kukwaruza kabla ya wote na kuwafundisha wote kwamba ndivyo gari linavyopendwa. Semeni nyinyi, na asiseme mtu kwa kuwa anampenda Namkunda, maana hata mimi nampenda: je, kati ya hao wanne, nani alistahili ufunguo?