Hodi ya Tembo

Sogeeni, na wewe uliyejikunja huko nyuma usilale. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na kundi lao la maigizo. Tembo ndiye mkubwa wake, Nyati na Kiboko wachezaji wake. Hawakukariri kitu. Watazamaji walitaja jambo, wao wakaliigiza palepale. Sheria ilikuwa moja: mwenzako akisema neno jukwaani, unalikubali na kuliendeleza. Ukilikataa, unashuka.

Pimbi, yule mnyama mdogo kama sungura, kazi yake kufagia jukwaa. Maskini, alivyoutamani mchezo ule! Watazamaji wakishaondoka aliigiza peke yake, akajipigia makofi, pa pa pa.

"Mzee Tembo, nipe nafasi ndogo tu," aliomba.

"Wewe? Nani atakuona? Fagia."

Siku moja watazamaji wakataja, "Safari!" Tembo akaingia, du, du, du, mgongoni mzigo wa kuigiza. Akasimama mbele ya mlango usiokuwepo.

"Hodi!"

Nyati akamtazama Kiboko, Kiboko akamtazama Nyati. Hakuna aliyejua nyumba ile ni ya nani. Mchezo huo ndivyo ulivyo, wanangu, unachoupendea ndicho kinachokutisha.

Pimbi akatupa ufagio, akaruka jukwaani. "Karibu, mwanangu. Mama yako niko jikoni."

Watazamaji hoi kwa kicheko. Tembo akavimba. Alitaka kusema, "Toka, mfagiaji," lakini akikataa, anashuka yeye. Akameza mate.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umechelewa hivyo?"

Tembo akafungua mdomo, likamtoka neno ambalo hakulipanga. "Nilikuwa nakutafuta, mama. Tangu nikiwa mdogo. Ulikwenda wapi?"

Kicheko kikakatika. Wote walijua mama yake Tembo alikwenda kutafuta maji mwaka wa ukame, asirudi. Sasa ujanja wote ulimwisha Pimbi. Na kukataa hawezi.

"Nipo, mwanangu," akasema polepole. "Kila siku nakuwekea chakula. Kaa ule."

Tembo akakaa, akala chakula kisichokuwepo, machozi yakimtiririka. Alikula mpaka akamaliza, akasogeza sahani ambayo hakuna aliyeiona.

"Niongeze, mama."

Pimbi akampakulia tena. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia ashuke.

Hadithi yangu imefika mwisho, na funzo lake ni hili: neno la mwenzako likubali kwanza, huenda ndilo ulilokuwa ukilisubiri.