Nyegere Ajifunza Kuuliza

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mzinga msituni!

— Nani kaulamba?

Tulieni basi, niwaambie.

Palikuwa na Nyegere na Mlembe. Nyegere mnamjua: kucha ndefu, ngozi ngumu, tumbo halina mwisho. Mlembe ni ndege mdogo, akiona nyuki hawezi kunyamaza. Huita, che-che-che! Nyegere humfuata, hupasua gogo, kwaa! Na desturi yao tangu enzi za mababu ni hii: mwenye kucha hula asali, mwenye mabawa huachiwa nta.

Lakini Nyegere akianza kulamba, lamba-lamba-lamba, habakizi. Asali yote. Nta yote. Mlembe yuko juu ya tawi, anameza mate. Maskini, aliumia, hasa kwa sababu alimpenda mlafi wake yule. Siku moja akasema, "Kaka Nyegere, nimekonda. Ukila tena nta yangu, naenda zangu, wala sirudi."

Nyegere akaogopa kweli. Peke yake haoni mzinga hata akiukalia. Akakimbilia darasa la Mwalimu Kanga, anayefundisha wanyama kuishi vizuri na wenzao. Akarudi amejaa masomo mpaka masikioni.

"Dada Mlembe!" akanguruma. "Leo nakwambia yote ya moyoni! Leo nakukumbatia! Leo tunamaliza ugomvi wote tangu tujuane!" Akaukumbatia mti aliokalia Mlembe, tikisa-tikisa-tikisa. Mlembe akaanguka, pu!

Mlembe akajikung'uta vumbi. Akamwonea huruma, na papo hapo ujanja ukamjia.

"Kaka, umewahi kuusikia ule mzinga mkubwa wa mwambani?"

Mate yakamdondoka Nyegere. "Uko wapi?"

"Nitakupeleka. Ila kwanza tujaribu somo moja tu, kwenye mizinga midogo, ambako tukikosea hakuna wa kuumia. Kabla hujalamba, niulize: mwenzangu, umekula? Kisha tukae tutazame tulivyofanya. Na nikisema basi, ni basi."

"Hilo tu?" Nyegere akacheka. "Rahisi!"

Che-che-che! Wakafika kwenye mzinga mdogo wa nyuki wasiouma. Kwaa! Lamba-lamba-lamba. "Mwenzangu, umekula?"

"Umeuliza lini?"

"Baada ya kumaliza."

"Na mimi nimepata nini?"

Nyegere akatazama gogo tupu. Akaona haya. "Hujapata kitu."

"Haya, mzinga wenyewe ulikuwa mdogo. Twende."

Che-che-che! Mzinga mdogo mwingine. Kwaa! Lamba-lamba... akasita, mashavu yamejaa. "Mwenzangu, umekula?"

"Umeuliza lini?"

"Katikati."

"Na mimi nimepata nini?"

"Kipande cha nta." Akakisogeza kwa ukucha mmoja, taratibu. Mlembe akadonoa, do-do-do. Nyegere akamtazama anavyokula, akajisikia vizuri, wala hakujua kwa nini.

Che-che-che! Mwingine. Na mwingine. Mpaka wakafika mwambani. Lo, mzinga! Asali inachuruzika yenyewe. Nyegere akaurukia, kwaa! Akafungua mdomo wote, na mdomo, kwa mazoea, ukasema wenyewe: "Mwenzangu, umekula?"

"Bado," akajibu Mlembe.

Nyegere akaganda, ulimi nje. Hajalamba hata tone! Akamgeukia Mlembe. "Wewe! Umenichezea!"

"Nimekuchezea, ndiyo. Mlafi wangu, sikutaka kukuacha."

Nyegere akanuna. Akanuna kidogo tu, maana asali ilikuwa inanukia. Kisha akamega sega nono la nta, akalisogeza karibu na ndege. Wakala pamoja, lamba-lamba, do-do-do, mpaka jua likazama. Na Mlembe hakuenda zake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Walioshiba ni wao, mie mdomo wangu mkavu.

— Na funzo lake?

Funzo? Wanangu, kamwe msimuulize mwenzenu kama amekula. Mkimuuliza, atawajibu, "Bado."