Malkia Juu ya Mkungu

Tawi la mti wa mkungu wa Bwana Sempombe lilikuwa limelilalia paa la Shekidele, na kila upepo ulipovuma lilikwangua bati mpaka likavuja. Shekidele alikuwa fundi wa kukata miti, lakini hilo hakuruhusiwa kuligusa.

“Jani langu moja likianguka, tutaonana mahakamani!” Sempombe alimwambia kila alipomwomba.

Asubuhi moja Sempombe mwenyewe akaja mbio, msuli ukimvuka.

“Shekidele, ndugu yangu! Malkia kapanda mkungu, kashindwa kushuka!”

Leo wamekuwa ndugu. Malkia alikuwa paka wa manyoya marefu, aliyeogeshwa kwa sabuni ya kunukia. Alikuwa akilia kwenye ncha ya tawi lile lile.

“Napanda nimbebe, mzee.”

“Kwa mikono hiyo? Thubutu umguse!”

“Basi itabidi ashuke na kiti chake. Lakini si ulisema mahakama?”

“Kata, bwana wee! Majirani, mnasikia? Nimemruhusu mimi!”

Tawi likakatwa, likateremshwa kwa kamba taratibu, Malkia kalikalia kama bibi harusi. Sempombe akamkumbatia, akamnusa.

“Mbona ananuka dagaa? Kwangu anakula kuku tu!”

“Labda ni homa ya woga, mzee. Kampumzishe.”

Shekidele akalikokota tawi hadi uani kwake. Kwenye majani akafungua kifuko alichokuwa amekifunga hapo alfajiri, akampa mkewe.

“Kaanga hawa dagaa,” alisema. “Malkia katubakishia.”