Hedifoni za Mzee Albano

Koroma ni nazi iliyopitwa na udafu lakini haijafika unazi. Maji yake yamepoteza utamu, na nyama yake ukiikuna hupati tui la kuungia hata mboga ya mtu mmoja. Mnunuzi mwenye chungu jikoni huokota nazi mbili tatu, akazitikisa, akalipa na kwenda zake. Lakini yuko yule anayepindua fungu zima, hii ndogo, ile ina nyuzi, nyingine haina mlio mzuri, hadi wenzake wamekwisha kuchukua zilizo njema, naye huondoka na koroma kapuni. Ndiyo maana ikasemwa kwamba mchagua nazi hupata koroma. Flaviana aliijua methali hiyo tangu darasa la nne, ila alikuja kuielewa akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, karani mwenye heshima zake katika kampuni ya kusafirisha mizigo.

Flaviana aliishi Kiwalani pamoja na baba yake, Mzee Albano. Mzee huyo alikuwa Mmakonde wa Masasi aliyechonga vinyago pale Mwenge kwa miaka thelathini, mpaka kisukari kilipomletea kidonda mguuni na kumlaza. Nyumba za mtaani kwao zilibanana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Ndege zilipita juu ya mabati mchana kutwa. Jirani wa kulia alifungulia muziki wa singeli tangu asubuhi, na wa kushoto alikuwa na mashine ya kusaga. Mtu aliyetaka utulivu ndani ya nyumba ile alipaswa kuutafuta ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Mzee Albano alikuwa na hazina moja tu. Katika simu yake ndogo mlikuwa na nyimbo kumi na moja za kwaya ya kigango chao, zilizorekodiwa kwenye kanda zamani, na baadaye fundi mmoja akazihamishia kwenye simu. Katika wimbo wa nne, ubeti wa tatu, kwaya nzima hunyamaza na mwanamke mmoja huimba peke yake mistari miwili. Mwanamke huyo alikuwa Yuliana, mke wa mzee, mama wa Flaviana na Benjamin, aliyefariki miaka sita nyuma. Hapakuwa na mahali pengine popote duniani ambapo sauti yake ilibaki. Kila mzee alipojaribu kuusikiliza wimbo ule kwa spika ya simu, mashine ya kusaga iliumeza.

Siku moja Flaviana alirudi kutoka kazini akamkuta baba yake amelala chali, macho ameyafumba, uso umekunjuka kama shuka lililopigwa pasi. Masikioni alikuwa amevaa hedifoni ndogo za waya, zile za kuingiza ndani ya sikio. Alimgusa bega.

"Shikamoo, baba. Hizi umezitoa wapi?"

"Marahaba. Benja kaniletea mchana, kanunua kwa wamachinga." Benjamin, mdogo wake Flaviana, alikuwa fundi wa madirisha ya alumini huko Temeke. "Mama yako namsikia, mwanangu. Ndege imepita hapo juu, wala sikuijua."

Flaviana alichukua upande mmoja akauweka sikioni mwake. Yeye mwenyewe aliimba sauti ya pili kanisani, na sikio lake lilikuwa jepesi kama la paa. Besi ilikuwa ikivuma kama debe tupu linalopigwa ngumi, na sauti ya mama yake ilitokea mbali, kana kwamba ameimba akiwa amejitanda blanketi. Moyo ulimuuma.

"Baba, huyu si mama. Mama alikuwa na sauti nyembamba, safi. Hizi zimemharibu."

"Kwangu mie ananitosha."

"Nipe wiki moja tu. Nitakuletea nzuri, umsikie kama alivyokuwa."

Mzee alizivua taratibu, upande mmoja baada ya mwingine, akamkabidhi kama mtoto aliyeambiwa kikombe alichoshika ni cha wageni. Jioni ile Flaviana alimrudishia Benjamin zawadi yake, na Benjamin, kwa kinyongo, akampa mwenzake wa kazini.

Isidhaniwe kwamba Flaviana alikuwa na roho mbaya. Mama yao alipougua, mambo yote yalifanywa kwa haraka na kwa kubahatisha: dawa za duka la karibu, godoro la kuazima, hata jeneza lilikuwa lile lililopatikana. Siku ya maziko Flaviana alijiapiza kwamba baba yake hatapewa tena kitu cha ilimradi. Kiapo hicho kilikuwa kimekaa ndani yake kama mwiba uliozibwa na nyama.

Wiki ya kwanza alizunguka maduka ya Temeke. Hedifoni hizi zilikuwa na sauti nzuri, lakini waya wake ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Zile zilikuwa imara, lakini vipira vyake vya kuingia sikioni vilikuwa vikubwa na masikio ya baba yalikuwa madogo. Zisizo na waya hakuzitaka kabisa, kwa sababu mikono ya mzee ilikuwa na mtetemo na angezipoteza siku ya kwanza. Usiku alisoma maoni ya watu mtandaoni, na kila aliyesifu alifuatwa na aliyeponda.

"Vipi, mama, zimepatikana?" mzee aliuliza Jumapili.

"Bado kidogo, baba."

Wiki ya pili ikapita vivyo hivyo. Benjamin alipokuja kumsalimia baba, alimvuta dada yake uani.

"Dada, mzee ananiuliza mie kila nikipiga simu. Mnunulie yoyote asikilize, hiyo nzuri itakuja baadaye."

"Yoyote ndiyo tuliyompa mama," Flaviana alijibu, akarudi ndani.

Jumamosi ya tatu alifika kwenye duka dogo karibu na stendi ya Mwenge, la mtu mmoja mpole aitwaye Abdulrahman. Huyu hakumsifia bidhaa. Alimuuliza anamnunulia nani, atasikiliza nini, na wapi. Alipokwisha kusikia habari yote, alitoa boksi moja lisilo na mapambo.

"Dada, kwa mzee anayekaa kwenye kelele, cha kwanza ni kipira kizibe sikio sawasawa. Kikiziba, hahitaji kuongeza sauti, na sikio halichoki. Halafu usizipime kwa muziki wa ngoma. Zipime kwa sauti ya mtu unayemjua."

Flaviana alikuwa ameuhamishia wimbo wa nne kwenye simu yake. Alizivaa. Makelele ya makondakta yalififia, na ulipofika ubeti wa tatu, mama yake alisimama karibu kabisa, karibu kama mtu wa chumba cha pili. Machozi yalimlengalenga. Hata hivyo, sikio lake jepesi halikukosa la kulalamikia: kila waya ulipogusa nguo, ulikwaruza.

"Hamna nyingine iliyo juu ya hii?"

"Ipo, mzigo wake unaingia Jumamosi ijayo. Lakini chukua hii leo ukampe mzee. Ile ikija, lete hii, nitakubadilishia. Mie nipo hapa hapa."

Lilikuwa neno la kiungwana, na mtu mwingine angelipokea kwa mikono miwili. Flaviana alisita, akaigeuza hedifoni kiganjani, akaukwaruza tena waya kwenye kitenge chake.

"Nitasubiri ile," alisema. "Siku saba si nyingi."

Jumatatu Mzee Albano alipandwa na homa. Kufikia Jumanne mguu ulikuwa umevimba, na maneno yake yalianza kupishana. Benjamin na Flaviana walimkimbiza hospitali. Daktari aliwaita pembeni, akawaeleza bila kuficha kwamba sumu ya kidonda imeingia kwenye damu, na figo zake zimechoka. Ipo sindano inayoweza kumwokoa, lakini kwa mtu mwenye figo kama zile, sindano hiyo huweza kula masikio, akawa kiziwi. Bila sindano, hakuna siku nyingi za kuhesabu.

Watoto wale wawili walitazamana. Walikubali, kwa kuwa hakuna mzazi anayeachwa afe ili masikio yake yabaki mazima.

Jumatano homa ilishuka kidogo na mzee alimtambua binti yake. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile.

"Zile hedifoni vipi?"

"Jumamosi, baba. Mzigo unaingia Jumamosi."

"Hapa wodini watu wanakohoa sana," mzee alisema. "Ningependa kumsikia mama yako kidogo."

Flaviana alifika hadi getini akiwa na nia ya kununua zozote kwa machinga wa kwanza atakayemwona. Alimwona, akazishika, akaona zinafanana na zile za Benjamin. Zimebaki siku tatu tu, alijiambia, akazirudisha. Baadaye, hatua zile za getini ndizo alizozikumbuka kuliko zote.

Jumamosi aliamkia Mwenge. Abdulrahman alikuwa amemwekea boksi lake. Kwa kweli hedifoni zile hazikuwa na kasoro: waya laini usiokwaruza, vipira vya saizi nne, sauti safi kama maji ya kisima kirefu. Flaviana aliingia wodini wakati wa kuona wagonjwa, pumzi juu juu, akamkuta Benjamin kitandani kwa baba, akiwa ameinamisha kichwa.

Mzee Albano alikuwa ameketi, uso una nuru, homa imekwisha. Alimtazama binti yake, kisha mwanawe.

"Mbona leo mnanong'ona?" aliuliza kwa sauti kubwa kuliko kawaida. "Tangu asubuhi kila mtu ananong'ona."

Flaviana alichagua vipira vidogo, akamvisha baba yake, akaufungulia wimbo wa nne. Wakaungoja ubeti wa tatu. Mzee alibaki akimtazama usoni kwa subira.

"Umewasha?" aliuliza.

Flaviana aliongeza sauti hadi mwisho. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuza kichwa, maana wimbo ulikuwa ukimfikia yeye. Mzee Albano alishika waya kwa vidole viwili, akaufuata taratibu mpaka kwenye simu, akaona kioo kinaonyesha wimbo unakwenda. Hapo alielewa. Hakulia. Alizivua, akazikunja vizuri, akazirudisha ndani ya boksi, na kumpapasa binti yake mkono.

Daktari aliwaambia kwamba kilichoharibika hakitarudi. Baada ya siku nane mzee aliruhusiwa, akarejea Kiwalani, mguu unapona, ndege zinapita juu ya mabati, naye hazisikii tena. Waliwasiliana naye kwa kuandika kwenye daftari.

Jumapili moja alasiri, Flaviana aliandika kwa herufi kubwa: *Baba, nisamehe. Heri ningekuachia zile za Benja.*

Mzee alisoma, akasoma tena.

"Ulitaka kunipa kizuri," alisema. "Ila mie nilikuwa nimeshashiba na kile kidogo." Akaonyesha boksi kwa kidole. "Hizo nzuri zinaimba?"

Flaviana aliinamisha kichwa kukubali.

"Na mama yako yumo?"

Alikubali tena.

"Basi vaa wewe. Akianza yeye, nyanyua mkono, ili nijue."

Flaviana alizivaa. Mashine ya kusaga ilinyamaza, singeli ikanyamaza, Kiwalani yote ikanyamaza. Kwaya iliimba, na kabla ya ubeti wa tatu alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia kabla: mama yake akivuta pumzi. Alinyanyua mkono. Mzee aliukazia macho mkono ule, midomo yake ikatembea polepole pamoja na maneno aliyoyajua kwa moyo. Mistari miwili ilipokwisha, Flaviana alishusha mkono.

"Kamaliza?"

Alikubali kwa kichwa.

"Midomo yangu ilikuwa nyuma au mbele?"

Ilikuwa nyuma, maneno mawili. Flaviana alimwonyesha kwa ishara kwamba walikwenda sawa.

"Rudia," mzee alisema.

Alirudia hadi chaji ya simu ilipokwisha. Zilikuwa hedifoni bora kuliko zote alizopata kuvaa, na masikio yaliyokusudiwa yalikuwa yamefungwa. Nazi zilizotosha zilipita mikononi mwake, kwa ndugu yake, kwa Abdulrahman, hata pale getini, naye akazirudisha moja baada ya nyingine kwenye fungu. Kweli, mchagua nazi hupata koroma.